Jibu la Ruwa Lililofutwa na Tanzia

CHAMA CHA WAKAZI WA MTAA WA KWA KARANI, KISAUNI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 13 SEPTEMBA 2025, BARAZANI KWA MWENYEKITI, MKABALA NA UBAO

WALIOHUDHURIA
Bw. Abdillahi Shee – Mwenyekiti
Bi. Mwanarusi Athman – Katibu, ambaye mtaa humwita Mwalimu
Bw. Nicanor Mghanga – Mjumbe, mwenye duka na ukuta wa Ubao
Bi. Kanze Thoya – Mjumbe
Bw. Brandon Wafula – Mjumbe, msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa (alichelewa dakika ishirini)

WAALIKWA
Wakili Wardah Said
Bw. Ruwa Chirima – mwenye kisima

WALIOTOA UDHURU
Bi. Swabra – Naibu Katibu, yuko Malindi arusini

WASIOTOA UDHURU
Bw. Jefwa – mara ya tatu mfululizo. Alionekana kwenye steji ya matatu saa kumi kasoro, mzima wa afya, akila muhogo.

KUMB. NA. 1/9/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na robo alasiri kwa dua, kisha akamwomba Bi. Kanze naye aombe kwa desturi ya kwao, kama ambavyo chama kimefanya tangu kuundwa. Alimkaribisha Wakili Wardah na kuwaeleza wajumbe kwamba hii ni mara ya nne kwa Wakili kuja kutoka ng'ambo, kisiwani, kwa ajili ya shauri la Bi. Kanze, na hajataka kitu ila kahawa. Wajumbe walipiga makofi ya shukrani. Bw. Brandon aliwasili makofi yakiendelea, akainamisha kichwa na kusema asanteni.

Mwenyekiti alimkaribisha pia Bw. Ruwa, na kusema kuja kwake tu ni jambo la kushukuriwa, maana si kila mtu angekubali kukaa baraza moja na mtu ambaye yeye mwenyewe amemshtaki. Bw. Ruwa alikuja na mtungi wa maji kwa ajili ya kikao, akauweka mlangoni pamoja na vikombe. Mwenyekiti alishukuru. Mtungi ulibaki pale mlangoni.

KUMB. NA. 2/9/2025: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA NA YATOKANAYO

Kumbukumbu za kikao cha Julai, zilizoandikwa na Bi. Swabra Katibu akiwa msibani, zilisomwa na kuthibitishwa. Ni nusu ukurasa. Bw. Nicanor alisifu ufupi wake na kusema hivyo ndivyo kumbukumbu zinavyotakiwa kuwa. Sifa hizo zimeandikwa hapa kama alivyozitoa.

Bw. Nicanor alikumbusha pia kwamba kwa desturi ya mtaa, matanga yakisha familia huandika shukrani Ubaoni, na kwamba shukrani za msiba wa marehemu Bi. Dhahabu, mama wa Katibu, hazijaonekana na leo ni siku ya sitini na sita. Alisema hasemi kwa ubaya, ila watu walibeba viti. Katibu aliandika hayo pia. Mwenyekiti alisema tuendelee.

KUMB. NA. 3/9/2025: UBAO, KWA FAIDA YA WAKILI

Wakili aliomba aelezwe Ubao unavyoendeshwa, kwa sababu amesikia maelezo manne na hakuna mawili yaliyofanana. Mwenyekiti alimtaka Katibu aeleze.

Katibu alieleza kwamba Ubao ni ule mraba mweusi uliopakwa ukutani mwa duka la Bw. Nicanor, upana wake pima moja, na umekuwapo miaka ishirini na miwili. Mtu yeyote wa mtaa anaweza kuandika habari, lakini lazima atie jina lake. Upande wa kushoto ni wa habari. Upande wa kulia huachwa wazi kwa ajili ya yule aliyetajwa, ajibu akitaka, naye atie jina. Habari hukaa siku saba na hakuna wa kuifuta kabla ya hapo, hata Mwenyekiti. Katibu hupita kila asubuhi na kunakili pande zote mbili katika daftari.

Kitu kimoja tu hufuta kila kitu, nacho ni tanzia. Mtu akifariki, Ubao wote husafishwa, kushoto na kulia, na tanzia hukaa peke yake siku tatu. Tanzia ikiondolewa, yule ambaye siku zake saba hazijakwisha huandika habari yake upya kwa mkono wake.

Wakili alisema amefanya kazi na magazeti na redio, na wengi hawana huo upande wa kulia. Wajumbe walifurahi. Bw. Nicanor alisema ukuta ni wake.

KUMB. NA. 4/9/2025: SHAURI LA BI. KANZE

Mwenyekiti alieleza shauri lilivyoanza ili wote walisikie kwa namna moja.

Jumanne tarehe 8 Julai, Bi. Kanze, ambaye hukaanga viazi karai pale njia panda, aliandika Ubaoni: "Maji ya kisima cha Ruwa yanaharisha. Watoto wanne wa hapa wanaumwa, mmoja ni wangu. Msinywe. Kanze." Jioni ile mwanawe, Lavender, alilazwa, na Bi. Kanze akakaa naye hospitali mpaka Ijumaa. Jumatano tarehe 9 Bi. Dhahabu alifariki na Ubao ukaandikwa tanzia. Jumamosi tarehe 12 tanzia iliondolewa. Bi. Kanze, akiwa amerudi na siku zake saba hazijakwisha, aliandika habari yake upya pale pale ilipokuwa.

Alasiri hiyo Bw. Brandon aliipiga picha na kuituma katika kundi la mtaa, lenye watu mia mbili na kumi na nne, akaongeza maneno yake chini: "Ruwa anauza maji ya choo, anaua watoto wetu." Kufikia Jumapili asubuhi picha ilikuwa imefika Mtopanga na Bamburi, na wateja wa Bw. Ruwa walikuwa wakiapa kutorudi kwake.

Jumapili hiyo Bw. Ruwa alirudi kutoka Mariakani, alikokwenda Jumatano jioni kutafuta fundi wa visima. Alikuta maneno ya Bi. Kanze yapo kushoto na upande wa kulia mtupu. Alisema yeye alikuwa ameandika jibu Jumatano asubuhi na mtu amelifuta. Hakuna aliyekuwa ameliona jibu hilo. Baadhi ya watu, ambao Katibu anawajua kwa majina na hatawaandika, walisema hakuandika chochote. Jumatatu Bw. Ruwa alipiga ripoti kituoni. Tarehe 21 Julai Bi. Kanze aliitwa, akaandikisha maelezo, simu yake ikachukuliwa, na akaambiwa aripoti kila Jumatatu wakati faili inapelekwa kwa waendesha mashtaka. Kosa analotajiwa ni la kuchapisha habari za uongo, ambalo mtu akipatikana nalo anaweza kufungwa.

Mwenyekiti alimpa nafasi Bi. Kanze. Alisema: "Mimi nilisema mwanangu anaumwa. Huo uongo uko wapi? Na jibu sikulifuta, Mzee. Sikuliona. Kila Jumatatu nikivaa nguo ya kwendea kituoni, Lavender huniuliza kama nitarudi. Mimi humwambia nitarudi, lakini mimi mwenyewe sijui."

Mwenyekiti alimpa nafasi Bw. Ruwa. Alisema: "Niliandika. Nilisimama pale hata jua halijatoka, chaki ikanivunjikia mara mbili. Mtu haoti kitu kama hicho."

Ieleweke kwamba Bi. Kanze na Bw. Ruwa hawajasemeshana tangu Julai. Kila mmoja aliyaelekeza maneno yake kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti akawa anayahamisha kutoka upande mmoja wa mkeka hadi wa pili, ingawa wote wawili wanasikia vizuri.

KUMB. NA. 5/9/2025: MAELEZO YA SHERIA

Wakili alieleza kwamba Katiba, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kusema, wa kutafuta habari na wa kuzipokea, awe na gazeti au awe na kipande cha chaki. Uhuru huo haufiki kwenye kuchochea vita, ghasia au chuki, na kifungu hicho hicho kinamtaka anayesema aheshimu haki na jina la mwenzake. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Alisema waliobuni ule upande wa kulia hawakuwa mbali na Katiba, na walitangulia.

Bw. Brandon alisema: "Lakini wakili, mimi nilifowadi tu. Kila mtu anafowadi."

Wakili alijibu: "Kupeleka mbele nako ni kutangaza, ndugu yangu. Na wewe hukupeleka tu, uliongeza. Choo na kuua watoto hayakuandikwa na Kanze. Hayo ni yako, na katika ile picha yanaonekana kama yake."

Bw. Brandon alitazama simu yake, kisha akaigeuza kifudifudi.

Bw. Nicanor aliuliza kama mwenye ukuta anaweza kushtakiwa. Wakili alisema hawezi kumhakikishia kwamba hatatajwa. Bw. Nicanor alitoa hoja kwamba Ubao upakwe rangi nyeupe Jumatatu asubuhi na mambo yaishe. Hoja haikupata wa kuiunga mkono, ila haikupingwa pia, na hilo lilimsikitisha Katibu.

Wakili aliendelea kwamba sheria inamlenga anayetangaza uongo huku akijua ni uongo. Majibu ya maabara ya tarehe 18 Julai yalionyesha kisima kilikuwa kimeingiwa na uchafu baada ya mvua, kwa hivyo alichokiandika Bi. Kanze kilikuwa kweli. "Hilo ningelisimamia popote," alisema. "Linalombana si alichoandika. Ni kile kinachosemekana alifuta. Faili inasema alifuta jibu la mwenzake ili watu wabaki na upande wake, na hapo ndipo wanaposoma nia mbaya. Nikipata mtu aliyeliona jibu lile, au aliyelifuta, Jumatatu nitaingia kituoni nikitabasamu. Nisipompata, mashtaka yanaweza kuandikwa wiki hii."

KUMB. NA. 6/9/2025: DAFTARI LA KATIBU

Katibu aliomba kusimama. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa atakalolisema, alisema anaweza kusema akiwa amekaa. Katibu alisimama.

Katibu alieleza kwamba Jumatano tarehe 9 Julai mamake alifariki alfajiri. Tanzia zote za mtaa huu kwa miaka ishirini na miwili zimeandikwa na Katibu, na hakutaka ya mamake iandikwe na mtu mwingine. Alifika Ubaoni saa moja kasoro robo asubuhi. Alinakili pande zote mbili kama afanyavyo kila siku, akafuta, akaandika tanzia, akarudi nyumbani. Hakumbuki alichonakili. Mkono ulifanya kazi yake bila yeye. Daftari aliliweka kabatini, na Bi. Swabra akaanza jipya.

Alhamisi iliyopita alilitoa ili ajiandae kwa kikao hiki. Katibu alisoma ukurasa wa 88 mbele ya wajumbe. Kushoto kuna maneno ya Bi. Kanze. Kulia pameandikwa:

"Ni kweli. Nimesikia watoto wanaumwa na nimeingiwa na hofu. Kuanzia kesho nafunga kisima mpaka kipimwe. Kanze, pole kwa mtoto. Ruwa."

Katibu alisema: aliyefuta jibu la Bw. Ruwa ni Katibu.

Bw. Nicanor aliomba kuliona daftari, akausoma ukurasa huo na ule wa kabla yake, akauliza kwa nini lilikaa kabatini miezi miwili ilhali mwenzetu anaripoti kituoni. Ni swali la haki. Katibu alisema hana udhuru wa kutosha. Alisikia kwamba Bw. Ruwa anadai aliandika jibu, na hata siku moja halikumjia wazo kwamba huenda yeye ndiye aliyelinakili. Na ukurasa wa 89 una tanzia ya mamake kwa mwandiko wake mwenyewe, naye hakuweza kulifungua daftari. Aliomba radhi kwa Bi. Kanze, kisha kwa Bw. Ruwa, kila mmoja kwa jina.

Bi. Kanze alisema: "Mwalimu, siku ile ulikuwa na msiba. Nani angekumbuka?" Kisha akamgeukia Bw. Ruwa, na safari hii hakumpitia Mwenyekiti. "Kumbe uliniandikia pole."

"Nilikuandikia, Kanze."

"Nami sikuisoma."

"Nilidhani umeisoma ukaifuta," alisema Bw. Ruwa. "Wallahi hilo ndilo lililoniuma. Kuambiwa maji yangu mabaya haikuniuma, nilikuwa nimekubali mwenyewe. Niliona maneno yako yako palepale, nikajua hayakuguswa, ni yangu tu yaliyofutwa. Msiba niliujua, lakini tanzia yenyewe sikuiona Ubaoni, wala sikujua umeyaandika upya. Ningeambiwa ilikuwa ni tanzia ya Bi. Dhahabu, ningelifuta mimi mwenyewe."

Bi. Kanze alisema naye aliandika upya bila kujua kulikuwa na jibu, na angelijua asingeandika neno lolote, maana lililotakiwa lilikuwa limefanywa. Wajumbe walibaini kwamba hakuna aliyevunja kanuni hata moja ya Ubao. Mwenyekiti alisema hilo ndilo linalomtisha.

Katibu alisema pia kwamba lipo swali analotaka kumwuliza Bw. Ruwa, lakini halimo katika ajenda. Mwenyekiti alisema lisubiri Mengineyo.

KUMB. NA. 7/9/2025: KUONDOA MALALAMIKO

Bw. Ruwa alisema anataka kuondoa malalamiko leo hii. Wakili alieleza kwamba faili ikisha kufunguliwa, uamuzi si wake peke yake, lakini barua ya mlalamishi pamoja na nakala ya ukurasa wa 88 ni vitu vizito. Barua iliandikwa pale pale kwa karatasi ya Katibu. Bw. Ruwa alitia sahihi, Mwenyekiti akashuhudia. Iliafikiwa kwamba Jumatatu Bi. Kanze hataenda kituoni peke yake: ataenda na Wakili, Katibu na Bw. Ruwa.

Bw. Brandon aliomba nafasi. Alisema anaomba msamaha, na ataandika masahihisho kundini. Rasimu yake ya kwanza ilianza kwa maneno "Kama kuna mtu yeyote aliyeudhika." Mwenyekiti alimwambia: "Mwanangu, huyo mtu ameketi hapa mbele yako, ana jina." Rasimu ya pili ilikubaliwa, nayo ni hii: "Mimi Brandon niliongeza maneno ya uongo chini ya picha ya Ubao. Ruwa hajaua mtu wala hajauza maji ya choo. Kanze hakuandika hayo, niliandika mimi. Ruwa alikuwa ameshajibu na kufunga kisima. Naombeni mliotuma ile picha mtume na hii." Aliituma kikao kikiendelea. Itabanwa juu ya kundi kwa siku saba, kwa kanuni ya Ubao.

Bw. Ruwa alimpa mkono. Bw. Brandon aliushika kwa mikono miwili, na ni haki kusema kwamba macho yake yalikuwa mekundu.

(Nyongeza ya Katibu, Jumatatu tarehe 15 Septemba: Tulikwenda wote wanne. Ofisa alisoma barua, akausoma ukurasa wa 88 mara mbili, akamwuliza Bw. Ruwa kama amelazimishwa. Bw. Ruwa alisema amechelewa, hajalazimishwa. Bi. Kanze alirudishiwa simu yake na kuambiwa asije Jumatatu ijayo. Barua rasmi ya kufunga faili itafuata. Tulipofika njia panda, Bi. Kanze alisema anakwenda kumwambia Lavender. Alhamdulillahi.)

KUMB. NA. 8/9/2025: UBAO UBAKI AU UONDOKE

Mwenyekiti alirudi kwenye hoja ya Bw. Nicanor ya kupaka ukuta. Bw. Nicanor alisema anaiondoa. Alisema alikuwa na woga, na mtu mwenye watoto watano ana haki ya kuwa na woga, lakini amesikia leo kwamba kilichomwokoa Bi. Kanze ni uandishi uleule ambao yeye amekuwa akiulalamikia kwa urefu wake. Alisema Katibu aandike kurasa ngapi apendavyo. Bi. Kanze aliomba hilo liandikwe, nalo limeandikwa.

Bw. Nicanor aliendelea kwamba kando ya dirisha la duka lake kuna kipande cha ukuta kinachotosha, na anakitoa kiwe cha tanzia na shukrani za misiba peke yake, ili maiti apate heshima yake na aliye hai asipoteze jibu lake. Wajumbe walisimama kumshukuru. Katibu anakiri kwamba maneno aliyoandika kumhusu Bw. Nicanor katika kumbukumbu za Machi, ukurasa wa 61, yalikuwa ya haraka.

Iliazimiwa tanzia iandikwe mahali papya. Iliazimiwa anayetaka kuupiga picha Ubao aupige wote, kushoto na kulia, hata kama kulia ni kutupu, na asiongeze neno lake ila aje aliandike Ubaoni kwa jina lake. Iliazimiwa pia daftari linakiliwe na watu wawili, kwa sababu Katibu naye ni binadamu. Hili la mwisho lilipendekezwa na Katibu.

KUMB. NA. 9/9/2025: MENGINEYO

Bw. Ruwa aliarifu kwamba kisima kimesafishwa, mfereji wa pembeni umezibwa, na kipimo cha pili cha tarehe 29 Agosti kimetoka kizuri. Alileta karatasi ikapitishwa kwa wajumbe. Hapo Bi. Kanze aliinuka, akaenda mlangoni, akajimiminia kikombe cha maji kutoka ule mtungi, akanywa chote. Akamimina cha pili akampa Mwenyekiti. Baada ya hapo kila mtu alikunywa, na mtungi ulikwisha kabla ya kahawa kufika.

Mwenyekiti alimwambia Katibu sasa aulize swali lake.

Katibu alisema kwamba siku ya msiba, saa nne asubuhi, Bw. Ruwa alileta mitungi ishirini nyumbani kwao bila kuitwa na bila kutaka chochote, na mama alioshwa kwa maji hayo. Matanga yalipokwisha na habari ya kisima ikaenea, Katibu hakuweza kulala vizuri. Mamake alikuwa mtu wa twahara, hakuswali hata siku moja kwa nguo yenye shaka. Katibu hakuweza kuandika shukrani bila kumtaja Bw. Ruwa, na hakuweza kumtaja bila kujua. Hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu. Alhamisi aliposoma maneno "kuanzia kesho nafunga," aliogopa zaidi, maana hiyo kesho ilikuwa baada ya mazishi, na siku yenyewe kisima kilikuwa bado wazi. Akauliza: maji yale aliyateka wapi?

(Hapa Katibu aliweka kalamu chini. Mistari ifuatayo imeandikwa na Mwenyekiti.)

Mimi Abdillahi naandika. Ruwa alimjibu hivi: "Mwalimu, niliandika kesho kwa sababu mapipa yalikuwa yashajaa na watu walikuwa wangojea. Niliporudi kutoka Ubaoni nikasikia msikitini watangaza Bi. Dhahabu ametutoka. Nikayamwaga yote na kisima nikakifunga papo hapo. Nikenda Frere Town na mkokoteni, bomba la kanisani, safari mbili. Bi. Dhahabu alinilisha mahamri nikiwa mtoto, nawe ulinifunza kuandika jina langu. Singeweza kumpelekea yale maji, hata kama mtu asingejua."

Kanze alimshika Mwalimu bega. Nicanor alikwenda dukani mwake akaleta leso mpya, bado ina karatasi. Hati yangu si nzuri, mtanisamehe.

(Katibu ameendelea kuandika kuanzia hapa.)

Katibu anashukuru kikao kwa kumngoja.

KUMB. NA. 10/9/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alishukuru Wakili kwa ujuzi wake, Bw. Ruwa kwa moyo wake, Bi. Kanze kwa kusema alipotakiwa kusema, na Bw. Nicanor kwa ukuta wake wote. Bw. Jefwa alipita njiani wakati huu akauliza kama kikao kimeanza. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano kwa dua, na wajumbe wakavuka njia kwenda Ubaoni.

Kwa kanuni, Ubao umenakiliwa na watu wawili, Katibu na Bi. Kanze, kama ulivyokuwa wakati wa kutawanyika:

Kushoto: "Kisima cha Ruwa kimepimwa, maji ni mazima. Nimeyanywa. Kanze."

Kulia: "Yalikuwa mabaya kweli. Asante kwa kusema. Ruwa."

Kando ya dirisha, mahali papya, ikiwa ni maandishi ya kwanza hapo: "SHUKRANI. Familia ya marehemu Bi. Dhahabu yawashukuru majirani kwa dua, chakula na viti. Yamshukuru Ruwa Chirima kwa maji. Tumechelewa siku sitini na sita, tuwieni radhi. Mwanarusi, bintiye."

Zimesomwa na kutiwa sahihi leo Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025.

Abdillahi Shee
MWENYEKITI

Mwanarusi Athman
KATIBU